Shemeji wa Moshi: Nilivyojifunza Kusoma Namba za Lenzi kwa Aibu

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Bungoma ambaye ameanza kupiga picha za sherehe. Alisema kwamba alijinyima miezi kadhaa hadi akanunua lenzi ya milimita 50 yenye tundu la kupitishia mwanga la f/1.8, na kwamba picha zake za mtu mmoja mmoja zimekuwa nzuri kupindukia, lakini kila anapopiga kundi la watu, nusu yao hutoka na ukungu. Akaongeza jambo lililonifanya nicheke peke yangu: simu yake nayo imeandikwa f/1.8, na kundi lile lile likipigwa kwa simu hutoka safi kuanzia aliye mbele hadi aliye nyuma. Kwa hiyo aliuliza, kwa heshima zote, “Kaka, je, niliuziwa lenzi mbovu?”

Sikucheka kwa dharau. Nilicheka kwa sababu swali hilo niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe, tena si kwa ujumbe bali kwa makelele dukani, mbele ya muuzaji aliyenitazama kama mtu aliyerudisha jembe kwa kuwa shamba lake lina magugu.

Wakati huo nilikuwa ndio kwanza nimeanza kazi hapa Kisumu kwa kamera ya mtumba iliyokuja na lenzi yake ya kawaida, ile ya milimita 18 hadi 55. Kwenye ukingo wake kulikuwa kumeandikwa 1:3.5-5.6, nami nilizipita namba hizo kama mtu anavyoyapita maandishi madogo ya chupa ya soda. Kumbe zilikuwa zinaniambia ukweli mchungu, kwamba nikiwa kwenye milimita 18 tundu la lenzi linaweza kufunguka hadi f/3.5, lakini nikivuta hadi 55 ili kusogeza kilicho mbali, mwisho wake ni f/5.6, yaani tundu dogo na mwanga haba. Kanisani, chini ya paa refu na madirisha membamba, kamera ililazimika kuacha shata, yaani kile kipazia kinachoruhusu mwanga kuingia, wazi kwa 1/20 ya sekunde, na maharusi waliokuwa wakitembea kuelekea madhabahuni walitoka kama mizuka. Mpiga picha mmoja aliyenitangulia katika kazi akanishauri ninunue lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, ambayo haivuti lakini ina tundu kubwa na bei isiyomfilisi mtu. Alisema kweli. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 mwanga unaoingia huongezeka karibu mara kumi, hivyo pale palipohitaji 1/20 sasa palitosha 1/200. Maharusi wakaacha kuwa mizuka. Nyuma yao taa za kanisa zikageuka viduara laini vya dhahabu, na watu wakaanza kuniuliza natumia kamera gani.

Nakiri kwamba nililewa sifa. Nililifungua tundu hadi f/1.8 nikaliacha hapo kwa miezi minne, mchana na usiku, ndani na nje, kama mtu aliyefungua bomba akasahau kwamba lina kifungio.

Desemba ya mwaka ule tukapeleka mahari nyumbani kwa shangazi yangu, karibu na Mumias. Baada ya mazungumzo ya wazee kumalizika salama, Shangazi aliniita akaniambia nipige picha moja ya maana, ile ya kutundika. Nilipanga watu 15 chini ya mwembe: watoto kwenye mkeka, wazee kwenye viti nyuma yao, na nyuma kabisa wanaume wanne wamesimama, mmoja wao akiwa shemeji yangu aliyekuwa amevaa suti mpya kwa ajili ya siku hiyo. Nilirudi nyuma kama mita saba, nikaelekeza fokasi, yaani pale lenzi inapoona safi zaidi, kwenye uso wa mtoto wa mbele, nikapiga. Kwenye kioo kidogo cha kamera kila kitu kilionekana safi. Picha ilipokuzwa na kutiwa fremu mjini Kakamega, ndipo macho yangu yalipofunguka. Watoto walitoka kiasi kwamba ungeweza kuhesabu nyuzi za mkeka, wazee walitambulika, na wale wanaume wanne walikuwa kama watu wanaotazamwa kupitia moshi wa kuni.

Shangazi aliitundika vivyo hivyo, maana fremu alikuwa ameshailipia. Kila Krismasi mimi huketishwa kwenye kiti kinachoitazama picha ile, na mgeni akiulizia waliomo, shemeji hujitambulisha mwenyewe: “Yule wa moshi ni mimi.” Watu hucheka, nami hucheka nao, lakini chakula hakishuki vizuri.

Siku chache baada ya aibu ile ndipo nilipokwenda kumfokea muuzaji. Yeye hakubishana nami. Alichukua lenzi, akaisogeza kwenye mwanga, akanionyesha vile vipande vyembamba vya chuma vilivyo ndani vinavyojifunga na kujifungua kama mboni ya jicho, kisha akaniuliza, “Hapa uliweka ngapi?” Sikuwa na jibu, kwa kuwa sikuwa nimewahi kuweka chochote.

Basi, mdogo wangu wa Bungoma, jibu lako linaanzia kwenye herufi f yenyewe. Herufi hiyo inasimama badala ya urefu wa fokasi wa lenzi, ile milimita 50 unayoisoma kwenye ukingo, na mstari unaofuata ni alama ya kugawanya kama ile ya darasa la nne. Gawanya 50 kwa 1.8 upate tundu la milimita 28 hivi kwa upana. Gawanya 50 kwa 8 upate milimita 6 na kidogo, ambao ni takriban unene wa penseli. Hii ndiyo sababu namba kubwa huwa ni tundu dogo, jambo linalowachanganya wanaoanza wote, nami nikiwemo. Sasa chukua simu yako: lenzi yake kuu kwa kawaida ina urefu halisi wa milimita chache tu, tuseme 6, na ukizigawanya kwa 1.8 unapata tundu la milimita 3 na kidogo. Namba zimeandikwa sawa, lakini moja ni dirisha na nyingine ni tundu la ufunguo. Ule ukungu mzuri ambao simu huutia nyuma ya mtu mmoja hutengenezwa kwa hesabu za programu, si kwa kioo.

Na kwa nini tundu dogo liwasafishe watu wa nyuma? Nenda ufuoni Dunga alasiri umtazame mvuvi mzee anayejaribu kutambua mtumbwi ulio mbali ziwani. Atakunja macho mpaka yabaki mstari. Anapofanya hivyo anaubana mwanga upite mahali pembamba, na kitu kilichokuwa kimefifia kinapata mipaka yake. Lenzi nayo hufanya kazi hiyo hiyo. Fokasi huwa imekaa sawasawa kwenye umbali mmoja tu, na vyote vilivyo mbele au nyuma ya umbali huo hufifia kidogo kidogo. Tundu likiwa pana hufifia haraka, na likiwa jembamba hufifia polepole, hata jicho lisitambue. Kwa kamera ndogo kama yangu ya wakati ule, lenzi ya 50 ikilenga mita saba kwenye f/1.8, sehemu inayoonekana safi ni kuanzia mita sita na nusu hivi hadi saba na robo tatu. Shemeji alikuwa amesimama mita moja na nusu nyuma ya mkeka, kwa hiyo alikuwa nje ya mpaka kabla sijabonyeza. Kwenye f/8, kwa umbali ule ule, usafi ungeanzia karibu mita tano na kufika kumi na mbili, na hata mwembe ungeingia. Mwanga wa kivulini alasiri ile ungeniruhusu kabisa kufanya hivyo kwa shata ya 1/200 na ISO 400, ISO ikiwa ni kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Tena ningeelekeza fokasi kwa wazee wa katikati badala ya mtoto wa mbele. Hayo yote yalikuwa mkononi mwangu, na ndiyo maana bado yananiuma.

Baada ya hapo nilifanya kosa la pili, ambalo watu hulisimulia mara chache kwa kuwa halina kichekesho. Niliapa kutolifungua tundu tena. Nilikwenda Msitu wa Kakamega na f/8 yangu kama mtu aliyevaa hirizi, nikawakuta mbega juu ya matawi, na chini ya majani yale mazito kamera ikahitaji shata ndefu mno hivi kwamba mbega aliyeruka alibaki mstari mweusi na mstari mweupe. Utaratibu wa namba ni huu: 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, 22, na kila hatua unayopiga kuelekea namba kubwa hupunguza mwanga kwa nusu. Namba zinapanda kwa mara 1.4 badala ya mara mbili kwa kuwa kinachopokea mwanga ni eneo lote la duara, si upana wake tu. Kutoka 2.8 hadi 8 ni hatua tatu, yaani unabaki na sehemu moja kati ya nane ya mwanga, na mwanga uliopotea lazima uufidie kwa shata ndefu au kwa ISO ya juu yenye chengachenga. Wala usidhani kwamba f/22 ndiyo kilele cha usafi, kwa sababu mwanga ukipita kwenye tundu dogo mno hutawanyika kingoni, na picha nzima hulegea.

Ziwa Nakuru nalo lilinifunza kwamba hata f/5.6 si ahadi. Nilikuwa nimeazima lenzi ya milimita 300, nikalenga ndege aitwaye mwari aliyekuwa mita kumi kutoka kwangu. Gawanya 300 kwa 5.6 utaona tundu la milimita 54, karibu mara mbili ya lile lililomtia shemeji moshini. Jicho la ndege lilitoka safi, na mkia wake ulitoka kama pamba. Urefu wa lenzi, umbali wa unayempiga na namba ya f huenda pamoja, na anayekuambia kwamba namba fulani inafaa kwa kila kitu hajawahi kurudishiwa picha.

Hapa niseme bila kuzunguka. Nawaona vijana wengi wanaokopa ili kununua lenzi ya f/1.4 ilhali ile ya 1.8 hawajawahi kuizungusha kutoka hapo ilipo. Wanataka ukungu wa nyuma kwa kila picha, hata ya mhitimu aliyesimama na wazazi wake, hata ya kwaya. Ukungu si ufundi, ndugu zangu. Ufundi ni kuamua ni nani asiwe na ukungu, na uamuzi huo hufanywa kabla ya kidole kugusa kibonyezo. Mbele ya kundi, jiulize mtu wa mbele na wa nyuma wameachana kwa kiasi gani, wasogeze wakaribiane, kisha badilisha namba. Jumamosi iliyopita nilipiga harusi Nakuru kwa lenzi ile ile ya 50, na picha ya ukoo yenye watu zaidi ya 20 niliipiga kwa f/8 bila hata kuwaza. Mama wa bwana harusi aliikuza kwenye skrini akapita uso baada ya uso, naye hakusema neno ila kutikisa kichwa kwa kuridhika. Laiti Shangazi angekuwepo.

Kuhusu lenzi yako, usiirudishe dukani kabla ya kufanya jambo moja. Weka chupa tatu za soda juu ya meza mahali penye mwanga, moja nyuma ya nyingine kwa mshazari ili zote zionekane, zikiachana sentimita kumi. Iweke kamera juu ya kitu kisichotikisika, mita moja na nusu kutoka chupa ya kati, uelekeze fokasi kwenye maandishi ya chupa hiyo ya kati, upige kwa f/1.8 na kisha kwa f/8. Kwenye f/1.8 unayo sentimita sita hivi za usafi, kwa hiyo chupa ya kati peke yake ndiyo itakayosomeka vizuri. Kwenye f/8 zote tatu zinapaswa kusomeka, na zikisomeka, lenzi yako ni nzima na muuzaji wako hana kosa. Lakini kama kwenye f/1.8 chupa ya kati ndiyo iliyofifia huku ya mbele au ya nyuma ikisomeka, basi fokasi inatua mahali pasipo pake. Rudia mara tatu ili uhakikishe, kisha ipeleke lenzi pamoja na kamera kwa fundi, na picha hizo za chupa uende nazo.