Aliyebaki mlangoni na ndoo

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Meditesheni kazini, ni msaada kwa mfanyakazi au ni fasheni ya mabosi?" Niliposoma tu nikasema fasheni, nikataka niandike neno hilo moja nimalize, ila limenikaa kooni siku mbili sasa, ngoja nieleze.

Mwaka juzi nilikuwa kol senta ya kampuni moja hapa Dar, siitaji jina. Tulikuwa tunadai ovataimu ya miezi mitatu. Ijumaa moja tukaambiwa saa tisa tuache simu wote, twende chumba cha mikutano tukatolewe stresi. Kaletwa mwalimu, kijana mpole kwelikweli, sina ugomvi naye, ana kibakuli cha shaba akikigonga kinalia mpaka mlio unapotelea huko. Akasema haya ni mafundisho ya Buddha, yana miaka kama 2,500, fumbeni macho, fuateni pumzi, wazo likija msigombane nalo liacheni lipite kama wingu. Wazo lililonijia mimi ni kodi ya nyumba. Nikaliacha lipite, likarudi na ada ya mtoto. Nikafumbua macho.

Ndo nikamuona mama wa usafi. Kasimama nje ya mlango wa kioo, ndoo mkononi, fimbo ya deki kaiegemeza begani. Yeye ni wa kontrakta, si wa kampuni, kwa hiyo hakualikwa. Na chumba kile ndo kilikuwa cha mwisho kwenye mzunguko wake, akikimaliza anakimbilia gari la Mbagala kabla foleni haijaanza. Alitaka kuingia, supavaiza akamwekea kidole mdomoni, kimya, watu wanatulia. Basi akasimama. Nusu saa nzima yaani, anapumzisha mguu huu anahamia ule, ndoo hata hakuiweka chini, nahisi aliogopa italia. Mimi ndani nimekalia kiti cha kuzunguka, kiyoyozi kinanipuliza, naambiwa nisikilize nyayo zangu zinavyogusa zulia. Zulia analolisafisha yeye! Sote tunamwamkia shikamoo kila asubuhi na hakuna aliyeinuka, na mimi sikuinuka. Tulipotoka akasogea pembeni tupite, akasema, "Poleni na kazi, wanangu."

Ile pole sijaisahau mpaka leo.

Kwa hasira nikaenda Upanga, pale kwenye hekalu la Mabudha, wenyeji wa Dar mnalijua, lile la Wasinhala wa Sri Lanka waliokuja kufanya kazi enzi za Waingereza, lina kama miaka 100 sasa, na mti wao mtakatifu wa bodhi upo uani. Mimi ni Muislamu na sijabadili dini, nilienda kuuliza tu: hivi kweli huyu Buddha alisema mfanyakazi asiyelipwa afumbe macho? Mtawa akanikaribisha vizuri, akanipa chai, akaanza kunisomea habari ya kijana anaitwa Sigala. Huyu kijana kila alfajiri alikuwa anaoga, na nguo zake mbichi hivyohivyo anainamia pande sita, mashariki, kusini, magharibi, kaskazini, chini na juu, kwa sababu baba yake alimuusia. Buddha akamkuta akamwambia pande hizo ni watu. Mashariki ni wazazi, kusini walimu, magharibi mke na watoto, kaskazini marafiki, juu watawa. Na chini? Chini ni wafanyakazi wako. Unawaheshimuje? Unawapangia kazi kulingana na nguvu zao, unawapa chakula na ujira, unawauguza wakiumwa, ukipata kitu kitamu unawagawia, na unawapa mapumziko kwa wakati wake. Nilimwomba arudie pale kwenye ujira.

Na yale mambo ya pumzi yapo kweli, wanaita sati, yaani kuwa makini na kinachoendelea sasa hivi, ni la saba kwenye njia yao yenye mambo 8. La tano ni riziki ya haki, isiyoumiza mtu. Kampuni yetu iliruka la tano ikachukua la saba!

Lakini nikiwa naandika hapa naona namwonea yule mwalimu. Hii meditesheni ya maofisini chimbuko lake kubwa ni hospitali, Mmarekani mmoja, Jon Kabat-Zinn, aliianzisha huko Massachusetts mwaka 1979 kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyoisha, watu ambao madaktari walishafika mwisho nao. Hiyo si fasheni. Na Sigala huyohuyo aliambiwa mfanyakazi naye afanye kazi yake vizuri na asichukue asichopewa, kwa hiyo si bosi peke yake anayehesabiwa. Halafu niseme ukweli, mimi mwenyewe baada ya alfajiri nikishaswali nakaa dakika 20 kimya nafuata pumzi, sijaacha tangu mwaka juzi. Na tukirudi siku ile, kama nisingetulizwa pale ningemuona yule mama? Miaka miwili nilikuwa nampita.

Kwa hiyo nabadilisha, mhariri, andikeni msaada. Ila ovataimu ilipwe kwanza, na wa kontrakta naye awekewe kiti humo ndani, na siku hiyo chumba kidekiwe mapema, saa sita, ndo kibakuli kigongwe.