Kasha la Nyanya

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Juzi kwenye simu uliniuliza Sheikh Ahmed Nabhany, yule mshairi wa Lamu, alipata nini kwa kuwafungulia mlango watafiti wa Ulaya, wao wakarudi kwao kuwa maprofesa, yeye akabaki Mombasa. Niliusikia uchungu sautini mwako, nikaona nisikujibu kwa haraka.

Uchungu wako una haki. Wapo waliokuja pwani wakajaza madaftari, wakaenda zao bila hata kurudisha salamu. Lakini hapo Bayreuth, Ujerumani, ulipo, ingia maktaba uitafute Sambo ya Kiwandeo, iliyotoka Leiden, Uholanzi, mwaka 1979. Waliohariri ni Gudrun Miehe na Thilo Schadeberg, ila mtunzi ni Sheikh Nabhany na jina ni lake. Ni utenzi wa chombo cha baharini cha Lamu. Mafundi wanaoyajua majina ya vipande vyake wanazidi kuisha. Majina yamebaki mle. Mnazi nao akautungia, Umbuji wa Mnazi. Wewe leo ukiambiwa utenge kitale na koroma, utaweza? Usinidanganye.

Alizaliwa Lamu 1927, na aliyemfunza ushairi ni nyanya yake, Amina Abubakar Sheikh. Sidhani kama bibi yule alimtoza mjukuu wake senti.

Hata neno "runinga" ni lake, aliliunda kwa rununu, yaani habari za uvumi, na maninga, yaani macho kwa Kiswahili cha kale. Watangazaji wanaitamka kila jioni wala hawamkumbuki. "Ngamizi" haikushika, watu wameng'ang'ania kompyuta. Na mimi, nikwambie kweli, nasema tivii.

Sasa la nyumbani, ambalo sijawahi kukwambia. Nyanya yangu aliacha tendi alizozinakili kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu. Babu yako, Mola amrehemu, alihofia watafiti watazichukua, akazitia kashani na ufunguo akauvaa shingoni. Hata mimi hakunionyesha. Tulilifungua 2017, mwaka ule ule aliofariki Sheikh Nabhany. Mchwa walikuwa wametutangulia. Tulikuta jalada na kurasa tatu za katikati, na katika ukoo mzima hapakuwa na mtu aliyejua utenzi ule unaanzaje.

Kasha lingalipo, chumbani kwangu. Nimetia mashuka.

Mamako