Bonn kwa baiskeli ya mbio: uache mto, kisha urudi kwa pantoni

Ukifika Bonn, Ujerumani, na baiskeli ya mbio, wa kwanza kukudanganya ni mto wenyewe. Rhine unapita katikati ya mji, mpana, matishari ya mizigo yanapanda na kushuka, na pembeni yake kuna njia ya baiskeli tambarare kabisa. Unajiambia, hapa ndipo. Subiri Jumapili mchana jua likitoka. Utakuta vigari vya watoto, wazee wanne wanatembea sambamba wameziba njia yote, mbwa upande huu na mwenye mbwa upande ule, kamba katikati. Njia hiyo ni ya matembezi. Ukitaka kukimbia hapo, toka kabla ya saa mbili asubuhi au nenda siku ya kazi. Vinginevyo piga kengele mapema, punguza mwendo, na ukipishwa shukuru.

Kwa hiyo wanaoniuliza niwapeleke wapi nawaambia hivi: mto utumie kujua uliko, basi. Utamu wa baiskeli uko juu, kwenye vijiji na mashamba yaliyojificha nyuma ya vilima, ng'ambo hii na ile. Mto utaukuta mwanzoni na utaukuta mwishoni.

Na kweli mto unajua kukuelekeza. Kando ya maji kuna mbao nyeupe zenye tarakimu kubwa nyeusi. Ni kilomita za mto, zinahesabiwa kuanzia daraja la Konstanz, kule ziwani mpakani na Uswisi. Penye daraja la Kennedy, katikati ya Bonn, uko kwenye 655 hivi. Ukielekea kusini namba zinashuka. Ukielekea Köln zinapanda, na Köln mjini ni 688. Zimewekwa kwa ajili ya manahodha, lakini simu ikizima ndizo zinazokwambia umebakiza umbali gani kufika nyumbani. Alama ya pili ni Post Tower, ghorofa la kioo la mita 162, ambalo utaliona ukiwa bado mbali. Jirani yake ni Deutsche Welle, waliohamia hapa kutoka Köln mwaka 2003. Wengi wetu tulilisikia jina la Bonn redioni kabla ya kujua liko upande gani wa ramani.

Njia ninayoipenda kuliko zote haijachorwa kwenye vipeperushi vya watalii. Toka mjini hadi Bad Godesberg, kisha ingia Muffendorf. Zamani kilikuwa kijiji, mji ukakimeza, lakini nyumba zake bado ni zile za mihimili ya mbao nyeusi na lipu nyeupe katikati, na barabara yake nyembamba inapanda bila huruma. Hapo usione aibu kushusha gia zote. Ukishatoka juu, mashamba yanafunguka: miti ya tufaha, ngano, farasi, na lami nzuri isiyo na magari mengi. Hii ni Wachtberg. Huwezi kupotea, kwa sababu juu ya kilima kule Berkum kuna mpira mkubwa mweupe wenye kipenyo cha zaidi ya mita 40, na ndani yake kuna rada ya taasisi ya Fraunhofer. Kila ukikata kona unauona tena, mara kulia, mara kushoto.

Rudi kwa kupitia Rodderberg. Ni volkano iliyozimika zamani sana, na bakuli lake sasa ni shamba. Simama ukingoni unywe maji. Mto uko chini yako, na ng'ambo unatazamana na kilima cha Drachenfels na gofu la ngome yake. Watu hulipa nauli kupanda Drachenfels wakatazame huku, wakati mandhari bora ni ya kuutazama wenyewe kutoka huku. Mteremko wa kushukia Mehlem ni mkali, na vuli majani yaliyolowa huteleza vibaya, kwa hiyo kagua breki ukiwa bado juu. Mzunguko mzima kutoka Bonn haufiki kilomita 45, lakini miguu itakwambia vingine.

Ng'ambo ya mashariki ndiko iliko milima yenyewe, Siebengebirge. Usidanganyike na vimo: Großer Ölberg, ulio mrefu kuliko yote, una mita 460 tu. Kwa mtu aliyeizoea Usambara hicho ni kichuguu. Shida ni kwamba unaanzia chini mtoni, na mwinuko unakuja wote kwa mpigo. Kutoka Königswinter hadi Margarethenhöhe unapanda zaidi ya mita 250 katika kilomita chache. Mwinuko wenyewe hauna hila, ukipata mdundo wako unafika. Baiskeli yenye meno 34 mbele na 32 nyuma inatosha kabisa, na anayekuuzia gia nzito zaidi ya hapo anataka kukuonea. Kinachokera ni pikipiki kubwa za mwisho wa wiki, zinazoigeuza barabara hiyo kuwa uwanja wa mashindano. Nenda Jumanne. Ukifika juu, usigeuze kurudi ulikotoka. Endelea Ittenbach, teremkia Oberpleis, fuata bonde la kijito cha Pleisbach hadi Sankt Augustin, halafu mto Sieg ukurudishe Rhine. Drachenfels yenyewe waachie waendao kwa miguu na treni ya meno inayopanda huko tangu 1883.

Sasa pantoni. Ukitoka daraja la kusini la Bonn kwenda juu ya mto, hukuti daraja lingine hadi Neuwied. Lilikuwepo moja, Remagen. Wanajeshi wa Marekani waliliteka tarehe 7 Machi 1945 likiwa bado limesimama, likaanguka siku kumi baadaye, na halikujengwa tena. Minara yake myeusi ipo hadi leo kwenye kingo zote mbili, na ya upande wa Remagen ina jumba dogo la makumbusho ya amani tangu 1980. Kwa sababu hiyo watu huku wanavuka kwa pantoni: Bad Godesberg, Mehlem, Rolandseck, na kusini zaidi Kripp. Mwendesha baiskeli anafaidi, maana unaweza kukata safari popote miguu inapogoma.

Mzunguko mzuri wa nusu siku ni huu: shuka ukingo wa magharibi hadi Remagen, sogea Kripp, vuka kwenda Linz, urudi kwa ukingo wa mashariki. Kama kilomita 55, karibu zote tambarare. Linz ni mji wa nyumba za rangi. Mahali pazuri pa keki, na mwezi wa Septemba omba ya plamu. Ukirudi utapita Erpel chini ya jabali lake, Unkel, Rhöndorf alikoishi Konrad Adenauer, chansela wa kwanza wa Ujerumani Magharibi, na Oberkassel. Hapo Oberkassel, kwenye machimbo ya mawe, mwaka 1914 walifukua mifupa ya watu wawili waliozikwa na mbwa wao takriban miaka 14,000 iliyopita. Huwa nawakumbuka kila nikikutana na yule mbwa wa kamba ndefu.

Ukiwa Kripp na nguvu bado unazo, kata kulia kuingia bonde la Ahr, mto mdogo unaoingia Rhine hapo jirani. Mizabibu imepandwa kwenye ngazi za mawe, na Ahrweiler bado una ukuta wake wa kale. Lakini nenda ukijua yaliyotokea. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Julai 2021 kijito hicho kilifurika kikaua watu zaidi ya 130 katika bonde hilo na kubeba madaraja, reli na njia ya baiskeli. Ujenzi umechukua miaka. Angalia taarifa za njia za kupita kando kabla ya kutoka, fuata vibao vya muda, na kwenye nyumba zilizobaki magofu usisimame kujipiga picha. Kunywa kahawa kwao, nunua kitu, wanashukuru.

Kaskazini sina mengi ya kusema. Ukingo wa magharibi kwenda Köln unapita viwanda vya kemikali vya Wesseling, mabomba na harufu. Tumia ukingo wa mashariki: mdomo wa mto Sieg, Mondorf, Zündorf. Afadhali zaidi panda Vorgebirge, kile kilima kirefu cha mboga kutoka Alfter na Bornheim hadi Brühl penye kasri la Augustusburg. Mwezi wa Mei na Juni kando ya barabara kuna vibanda vya asparaga na stroberi, vingine havina muuzaji: unachukua kikapu, unadumbukiza sarafu kwenye kisanduku. Siku ya hewa safi, kutoka juu unaiona minara miwili ya kanisa kuu la Köln. Upepo wa magharibi huwa haukuhurumii kwenye mashamba hayo, kwa hiyo anza kwa kuupinga ungali na nguvu, urudi ukisukumwa.

Ndugu zangu nyumbani bado hawanielewi. Mtu uliyekulia kwenye Phoenix ya kubebea magunia, ukiwaambia umeendesha tangu asubuhi halafu hukupeleka kitu wala kumtembelea mtu, kimya kinakuwa kirefu kwenye simu.

Mambo ya lazima. Kibao cha duara cha buluu chenye baiskeli nyeupe maana yake lazima utumie njia ile ya baiskeli, hata kama lami ya barabara inakutamanisha. Gari linalokupita linatakiwa likuachie mita 1.5 mjini na mita 2 nje ya mji. Wengi wanaiheshimu, wachache hawana habari. Beba tyubu ya akiba, pampu na sarafu, sababu vibanda vya mashambani havijui kadi. Jumapili maduka yamefungwa, waoka mikate wengi hufunga mapema, na kituo cha mafuta ndicho kitakuokoa kwa maji. Majira ya baridi mto ukijaa, njia ya ukingoni inazama na pantoni zinasimama, na maji yakishuka yanaacha tope linaloteleza kwa siku kadhaa. Wakati huo ni wa Wachtberg tu. Na ukichoka kabisa, treni ya RB 26 inapita ukingo wa magharibi na RB 27 wa mashariki. Tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima hailipii baiskeli, kwa hiyo mnunulie na yeye ya kwake kabla hujapanda, maana wakaguzi wa reli hizo hawalali.