Zombi ni kisingizio tu

Mkuu, umeuliza watu tunaona nini kwenye filamu ya Resident Evil ya 2002 wakati hadithi yenyewe nyepesi. Nyepesi kweli, sibishi. Mimi ilinikamata kwenye ule ujia wa leza. Askari wamenaswa chini ya ardhi, mstari wa mwanga unawafyeka mmoja mmoja. Kamanda anabaki peke yake, anajiweka sawa aukwepe, mara mwanga unageuka wavu. Hana pa kupita. Anasimama kidogo, mzima kabisa, ndipo anaachana vipande vipande. Na hapo zombi hajamng'ata mtu bado!

Halafu Alice, mhusika mkuu anayeigizwa na Milla Jovovich, hayumo kwenye gemu la kampuni ya Capcom la 1996 ambalo filamu imetokana nalo. Wachezaji wengi walinuna, ila mimi naona ndiyo ujanja wenyewe: hata uliyemaliza gemu hujui nani atatoka hai. Anaamka bafuni hajui hata jina lake, kwa hiyo mnajifunza jengo pamoja, kama unavyoanza gemu jipya.

Nilichokikosa ni ile hofu ya kwenye gemu, ya kuhesabu risasi zisikuishie. Kwenye filamu wanazimwaga tu kama karanga.