Maswali ya Wasomaji: Miti ya Shambani na Hesabu Zake

Shikamooni. Niko fildi Chamwino, tunapima miti iliyoachwa kwenye mashamba ya mtama na alizeti. Tunatumia ploti za duara zilizo moja ndani ya nyingine: nusu kipenyo mita 2, 5, 10 na 15. Ploti ya kwanza nimepata mashina 7: matatu ya kipenyo cha sm 1 hadi 5, mawili ya sm 5 hadi 10, moja la sm 14 na moja la sm 26. Nimepata miti 99 kwa hekta. Msimamizi kanirudishia fomu. Nimekosea wapi?
Mwanafunzi wa mwaka wa pili

Marahaba. Kupima umepima vizuri, kosa liko kwenye kuzidisha. Umeyachukua mashina yote 7 ukayazidisha kwa 14.1, kana kwamba yote uliyatafuta ndani ya duara la mita 15. Hukufanya hivyo. Ploti za namna hii, ambazo ndizo zilizotumiwa pia na NAFORMA, tathmini ya kitaifa ya misitu, zina masharti: mita 2 za kati unapima kila shina kuanzia sm 1, hadi mita 5 kuanzia sm 5, hadi mita 10 kuanzia sm 10, na hadi mita 15 kuanzia sm 20. Kila shina linazidishwa kwa kizidishi cha duara lake.

Kizidishi ni mita za mraba 10,000 gawanya kwa eneo la duara. Duara la mita 15 lina eneo la mita za mraba 707, kizidishi 14.1. La mita 10 ni 31.8, la mita 5 ni 127.3, na la mita 2, lenye eneo la mita za mraba 12.6 tu, ni 796. Sasa rudia: matatu mara 796 ni 2,388, mawili mara 127.3 ni 255. Kisha shina la sm 14 ni 32, na la sm 26 ni 14. Jumla ni kama mashina 2,690 kwa hekta. Hapo shamba ulilolikuta limejaa machipukizi linaonekana pia kwenye karatasi.

Ila namba hiyo usiibebe peke yake. Chipukizi moja tu ndani ya duara dogo linapandisha au kushusha jumla kwa karibu 800, ndiyo maana tunatumia wastani wa ploti nyingi. Na ndiyo maana mpaka wa mita 2 haukisiwi kwa macho. Piga goti, vuta tepu kutoka kwenye kigingi cha katikati ya ploti hadi katikati ya shina. Likiwa mita 2.05, liko nje, hata kama ni zuri namna gani. Vijana wengi huchoka na miiba wakapima miti mikubwa tu, na hapo wanapoteza miti ya miaka 10 ijayo.

Mambo mengine yanayoharibu fomu: tepu lazima ilale usawa. Ukienda kwenye miteremko ya Mpwapwa au Kongwa, kwenye mwinuko wa nyuzi 20, mita 15 za mlalo ni karibu mita 16 ukifuata ardhi. Kipenyo cha shina hupimwa kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, nawe umesimama upande wa juu wa mteremko. Shina likigawanyika chini ya mita 1.3, kila tawi ni shina lake na linahukumiwa kwa unene wake, lakini yote yaandikiwe namba moja ya mti. Visiki vya Dodoma huwa na mashina manne au matano. Ukikosa namba hiyo, baadaye hutajua una mashina mangapi na miti mingapi.

Nina visiki vingi shambani Kongwa na nataka kuvikuza kwa kisiki hai, yaani kutunza machipukizi ya visiki yawe miti tena. Niache machipukizi mangapi, na lini?
Mama mkulima

Mama, fanya kazi hiyo kiangazi, kabla mvua za Desemba hazijaanza. Chagua machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine kata. Kwa yale uliyoacha, ondoa matawi ya pembeni mpaka nusu ya urefu, usizidi hapo. Mche ukibaki na kishungi kidogo juu, upepo unaulaza. Tumia panga kali na ukate kwa kupandisha, kwani ukikata kwa kushusha gome linachanika na mchwa wanapata mlango. Funga kitambaa cha rangi ili mtu wa kulima asiufyeke. Rudi kila baada ya miezi michache, maana kisiki hakiachi kuchipua. Kuacha kisiki kila mita 10 kunakupa miti 100 kwa hekta, na mtama unapata jua.

Tatizo kubwa ni mifugo baada ya mavuno. Mbuzi wakiingia kula mabua, machipukizi hayabaki. Zungumza na majirani na uongozi wa kijiji mapema.

Wenyeji huita miti mingi "mgunga". Niandike nini kwenye fomu?
Mwanafunzi, Bahi

Andika jina la mwenyeji kama alivyolitamka, kisha angalia miiba. Miiba mirefu meupe iliyonyooka ikichanganyika na mifupi iliyopinda kwenye tawi lilelile, na matunda yakiwa yamejisokota kama springi, huo ni Vachellia tortilis, zamani Acacia tortilis. Miiba mitatu mitatu, ule wa kati umepinda kuelekea chini, ni Senegalia senegal, mti wa gundi. Ukiwa bado na shaka, chukua tawi lenye majani na tunda, libane ndani ya gazeti, badilisha gazeti kila siku mpaka likauke, na uandike namba ya ploti juu yake kabla hujaondoka shambani.