Uzio wa mbwa usioonekana ukigoma, usikimbilie kununua kola mpya

Mtaani kwetu Shangani, Mtwara, mbwa kutoka nje ya uwanja si jambo dogo. Majirani wengi ni Waislamu. Alfajiri wanapita kwa miguu kwenda msikitini, na mbwa akimlamba mtu kanzu, inambidi arudi nyumbani kubadili huku swala inampita. Ndiyo maana uzio wangu wa umeme ukizimika, kwanza namfunga mbwa kamba, kisha ndipo naanza kutafuta tatizo. Nakuomba nawe uanze hivyo. Mbwa akishagundua kwamba mpaka umenyamaza, kumfundisha upya ni kazi kubwa kuliko kuunga waya.

Uzio huu una vitu vitatu tu. Kuna kisanduku cha kurushia mawimbi, kilichochomekwa kwenye soketi ndani ya nyumba. Kuna waya uliofukiwa, unaozunguka kiwanja na kurudi kwenye kisanduku. Halafu kuna kola ya mbwa, ambayo hulia akikaribia waya na kumpa mshtuko mdogo akizidi kusogea. Kabla ya kutoa hata shilingi, jua ni kipi kati ya hivyo kimeharibika.

Kama taa zote za kisanduku zimezimika, angalia LUKU, soketi na adapta. Vifaa vingi vya aina hii hutengenezwa kwa ajili ya Marekani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 120, na wetu ni 230. Adapta isiyoandikwa volti 100–240 au 230 usiichomeke kabisa.

Kama kisanduku kina umeme lakini kinapiga kelele na taa ya mzunguko (ile inayoonyesha kwamba waya haujakatika) haiwaki, kuna jaribio moja ambalo limeniokolea nguvu nyingi. Chomoa ncha zote mbili za waya wa kiwanja. Chukua kipande cha waya cha mita 3 hivi, ukichomeke mahali pale pale. Taa ikiwaka na kelele zikakoma, kisanduku ni kizima; ubovu uko ardhini. Isipowaka, kisanduku ndicho kibovu, na kufukua uwanja mzima ni kujitesa bure. Ukiwa bado na kipande hicho, sogeza kola karibu nacho bila kugusa vyuma vyake. Ikilia, nayo ni nzima. Ikikaa kimya, badilisha betri au ichaji, ujaribu tena.

Kwangu, karibu kila mara kosa huwa kwenye waya. Nyaya zinazokuja na vifaa hivi ni nyembamba, nyingi zina kipenyo cha karibu milimita 0.8, na jembe halizionei huruma. Huku kusini mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Huo ndio wakati wa kulima na kupalilia, kwa hiyo anza kukagua palipopita jembe, kisha chini ya geti, kisha kwenye viungio. Sisi wa karibu na bahari tuviangalie viungio kwa jicho kali zaidi. Maji na chumvi vikishaingia, shaba hugeuka kijani na kuoza, hata kama kwa nje tepu inaonekana safi.

Mwenye maltimita, yaani kipimo cha umeme cha mkononi, apime ukinzani kati ya ncha mbili za waya zikiwa zimechomolewa. Waya wa shaba wa unene huo, wenye urefu wa mita 150, husoma takriban omu 5. Usiposoma kitu, umekatika. Namba ikiwa kubwa mno au inarukaruka, kuna kiungio kibovu.

Kupata ulipokatika, gawa kiwanja nusu kwa nusu. Acha ncha moja ya waya wa kiwanja kwenye kisanduku, na tundu la pili chomeka waya mrefu wa akiba. Uvute waya huo juu ya ardhi hadi kwenye kiungio kilicho karibu na katikati, kifungue, uungie hapo upande unaotoka kwenye ncha uliyoiacha. Taa ikiwaka, nusu hiyo ni nzima. Hamia nusu nyingine, uigawe tena.

Unapounga, chubua waya, zisokote ncha vizuri, ukiweza lehemu kwa risasi, paka grisi, kisha funika kwa kifuniko kisichopitisha maji. Tepu peke yake haidumu chini ya udongo. Piga fundo kabla ya kiungio ili waya ukivutwa kiungio kisiumie.

Iwapo kola hulia kwingine ila sehemu moja tu, waya haujakatika, maana ukikatika mpaka wote hufa. Tazama kama nyaya mbili zinapita karibu karibu hapo: mawimbi yake hufutana. Na mbwa akishtuliwa pasipo mpaka, shuku mabati au waya wa umeme wa nyumba unaokwenda sambamba na wa kwako. Viachanishe angalau mita 1.5, na vikilazimika kukutana, vipishane kama msalaba.

Jambo ambalo siwezi kulinyamazia: usiongeze nguvu ya mshtuko ili kuficha ubovu wa waya. Wales walipiga marufuku kola za kushtua tangu 2010 kwa sababu ya ustawi wa wanyama, na sisi tunaozitumia tuna wajibu wa kuwa waangalifu. Mbwa asivae kola zaidi ya saa 12 kwa siku. Kagua shingo yake kila jioni. Ukiona wekundu au kidonda, ivue hadi apone. Kidole kimoja kipite kati ya kola na ngozi.

Waya ukishapona, simika tena vibendera vya kumwonyesha mbwa mpaka na umtembeze mbwa kwa kamba kando ya mpaka kwa siku kadhaa kabla ya kumwachia. Na radi ikianza kunguruma, chomoa plagi pamoja na ncha zote mbili za waya wa kiwanja, kwa sababu radi huingia kwenye kisanduku kwa njia zote mbili.