Ukungu wa Feri haupakwi kwa rangi nyeupe

Wadogo zangu mnaoanza kuchora bandari alfajiri pale Feri, kivukoni Dar es Salaam, mimi nilianza vibaya. Nilichora pantoni, ngalawa, milingoti, hata minazi ya Kigamboni, kila kitu kikaonekana wazi. Kisha nikapitisha rangi nyeupe juu yake nikauita ukungu. Mchoro ukawa kama umemwagikiwa maziwa.

Nilikuwa nimetoka kwenye tingatinga, mtindo wa uchoraji ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga hapa hapa Dar mwishoni mwa miaka ya 1960. Kule rangi inang'aa na umbo linakatwa kwa mstari mkali, ndio uzuri wake, na naupenda hadi leo. Ila ukungu haujui mstari. Simameni Kivukoni kabla jua halijatoka mtazame: ngalawa ya karibu ni kivuli kizito, ya nyuma yake imepauka, na ng'ambo huoni maji yanaishia wapi na anga linaanzia wapi.

Basi changanyeni kwanza kijivu kimoja, kingi: buluu, kahawia na nyeupe. Maji yatoke humo kwa kuongeza buluu, anga kwa tone la nyekundu, ngalawa kwa kukoleza kidogo tu. Rangi zikizaliwa chungu kimoja, ukungu unakuja wenyewe.

Jua ndilo lililonisumbua zaidi. Nililitia nyeupe ling'ae, likazidi kupoa. Ukweli niliuona kwenye mchoro wa Claude Monet wa bandari ya Le Havre, Ufaransa, wa mwaka 1872. Jua lake la chungwa linawaka kweli, lakini ukiiondoa rangi picha yake kwenye simu, jua karibu linapotea, kwa sababu mwangaza wake unakaribiana na wa anga lililolizunguka. Linawaka kwa kuwa chungwa limekaa katikati ya buluu. Sasa kila jua ninalochora nalipima hivyo hivyo kwa simu. Mng'ao wake majini ni mapigo machache mafupi ya brashi, ya kulala. Mkishayaweka, msiyasugue.

Chukueni ubao mdogo, na kijivu kichanganyweni usiku uliotangulia, maana mwanga ule haungoji. Jua likishapanda juu ya minazi, wekeni brashi chini hata kama hamjamaliza, mrudi kesho yake saa ile ile. Ngalawa moja tu mimi niliirudia asubuhi nne.